Taa za Ziada Kwenye Maji ya Upare

Ukitaja Same, wengi hufikiria barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, jua kali la tambarare, mkonge, tangawizi ya Mamba Miamba, na juu ya vyote hivyo milima inayopanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Ni wachache wanaofikiria mitumbwi. Lakini Upare una maji ya kuvuliwa, na kazi katika maji hayo haikomi jua linapozama. Kaskazini, chini ya milima ya Ugweno, lipo Ziwa Jipe ambalo Tanzania inagawana na Kenya. Kusini, kwenye bonde la Mto Mkomazi, lipo Bwawa la Kalimawe lililojengwa enzi za ukoloni. Magharibi, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana na kuwa Mto Pangani, lipo Bwawa la Nyumba ya Mungu lenye eneo la takriban kilomita za mraba 140. Bwawa hilo lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, wakati ufuko wake wa mashariki ulikuwa bado ndani ya Wilaya ya Pare, makao makuu yakiwa Same. Wilaya ya Mwanga ilimegwa baadaye, mwaka 1979. Nataka kueleza hapa jinsi taa ilivyoingia katika maji ya namna hii, na kwa nini ilitangulia kufika kuliko kanuni zake. Watu wa baharini walijifunza zamani, kwa gharama ya maisha, kwamba usalama wa usiku huanza kwa kukataza taa zisizo na maana. Huku kwetu bado tunaamini kwamba chombo chenye taa nyingi ndicho salama zaidi, na imani hiyo inawaweka watu hatarini.

Tuanze na bahari, kwa sababu ndiko kanuni zilikozaliwa. Kabla ya katikati ya karne ya 19, meli iliyosafiri usiku iliweza kuwasha taa yoyote au kutowasha kabisa. Matanga yalikwenda polepole, na mabaharia walitegemea macho, sauti na bahati. Meli za mvuke ndizo zilizovuruga mazoea hayo, maana zilikwenda kasi bila kujali upepo, na mbili zilipokutana gizani hakuna aliyejua mwenzake anaelekea wapi. Mwaka 1848 Uingereza iliamuru meli za mvuke zibebe taa tatu: nyeupe mlingotini, kijani ubavu wa kulia na nyekundu ubavu wa kushoto. Miaka kumi baadaye meli za matanga nazo ziliwekewa taa za ubavuni. Kisha mwaka 1863 Uingereza na Ufaransa zikakubaliana juu ya kanuni za pamoja, na kufikia mwisho wa mwaka uliofuata zaidi ya nchi 30 zilikuwa zimezikubali. Kanuni hizo ziliorodhesha taa zinazotakiwa tangu jua kuzama hadi kuchomoza, zikaongeza sharti fupi kwamba zisiwashwe nyingine zozote. Mkutano wa Washington wa mwaka 1889 ulilegeza sharti hilo kidogo: kilichokatazwa kikawa taa inayoweza kudhaniwa kuwa mojawapo ya zile rasmi. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika Julai 1977, zinataja mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja. Taa ya ziada isififishe taa rasmi za chombo, na isimzuie mwangalizi wa chombo hichohicho kuona vizuri.

Inafaa kukaa kidogo kwenye sharti hilo la mwaka 1863, maana watunzi wake hawakuwa wabahili wa mwanga. Walikuwa wameona kwamba taa za chombo ni habari kwa mtu mwingine. Nahodha akiona nyekundu peke yake anajua ametazamana na ubavu wa kushoto wa mwenzake. Akiona nyekundu na kijani kwa pamoja anajua chombo kinamjia uso kwa uso. Akiona nyeupe moja ya nyuma anajua anamfuata. Kila taa imepewa pembe yake kwa kipimo: ya mlingotini nyuzi 225, za ubavuni nyuzi 112 na nusu kila moja, ya nyuma nyuzi 135. Ukiweka taa nyeupe yenye nguvu kando ya ile nyekundu, nyekundu inamezwa na habari yote inapotea. Mtu wa mbali anaona mwanga mkubwa, lakini hajui kama chombo kimesimama au kinakwenda, wala kama kinamkaribia au kinaachana naye. Amepata mwanga zaidi na habari pungufu. Ndiyo maana wanasheria wa bahari waliitenga taa ya kazi na taa ya ishara, na wakaitaka ile ya kwanza iipishe ya pili.

Jambo la pili, la mwangalizi wa chombo chenyewe, linahusu jicho la binadamu, na jicho ni lilelile Atlantiki na Nyumba ya Mungu. Jicho likitoka kwenye mwanga mkali huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na huupoteza uzoefu huo kwa sekunde chache tu likipigwa na mwanga mweupe. Chukua mtumbwi wenye watu wawili, mmoja ameketi tezi akipiga kasia na karabai imetundikwa omo mbele yake. Anachokiona ni mikono yake, ubao wa chombo, na duara la maji lenye upana wa hatua chache kuzunguka taa. Nje ya duara hilo giza limekuwa zito kuliko kama asingewasha kitu, kwa sababu jicho limejipima kwa karabai. Mtumbwi mwingine usio na taa ukiwa hatua 50 kutoka kwake, hauoni. Ukungu ukitanda juu ya maji asubuhi na mapema, mwanga humrudia usoni na hata lile duara linapungua. Mwenzake aliyeketi omo ana afadhali, maana taa iko nyuma ya kichwa chake, ila kivuli chake mwenyewe kimelala juu ya maji anayopaswa kuyachunguza. Hao wawili wako kwenye chombo kinachoonekana kutoka kilomita kadhaa, nao hawaoni mita 30. Sheria zetu za nchi kavu zinalijua jambo hili. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa taa za kumulika, kwa kuwa mnyama akipigwa mwanga machoni husimama asijue pa kwenda. Mvuvi anayemulikwa na tochi ya mwenzake hana katazo linalomlinda.

Historia ya taa za uvuvi katika maziwa yetu inaonyesha kwamba taa ilikuja kama chombo cha kazi, na tangu mwanzo kazi yenyewe ilikuwa kuvuta samaki. Kwenye Ziwa Tanganyika dagaa walivuliwa kwa mienge ya kuni na matete iliyowashwa omo, samaki wakija kwenye mwanga na kuchotwa kwa wavu wa mkono. Karabai zilichukua nafasi ya mienge katika miaka ya 1950. Teknolojia hiyo ilikuwa imezaliwa mbali, mjini Berlin, ambako kiwanda cha Ehrich & Graetz kilianza kuuza taa za Petromax karibu mwaka 1910: mafuta ya taa yanapigwa pampu, yanageuka mvuke, na mvuke unawaka ndani ya kijisoksi cheupe kinachong'aa kuliko tambi yoyote. Ziwa Victoria nalo likafuata kwa uvuvi wa dagaa, na huko hadi leo kalenda ya wavuvi hufuata mwezi; usiku wa mbalamwezi pevu wengi hupumzika, kwa sababu taa haina nguvu ya kuvuta samaki anga lote likiwa limeng'aa. Kisha katika miaka ya 2010 zikaenea taa za sola na tochi za kuvaa kichwani. Hizi zimeokoa gharama ya mafuta ya taa, na zimeondoa hatari ya moto ndani ya chombo cha mbao, jambo la kushukuru sana. Lakini zimeleta kitu ambacho karabai haikuwa nacho: mwanga mkali ulioelekezwa upande mmoja, unaogeuka kila mtu anapogeuza shingo. Karabai ilimwaga mwanga pande zote, na ukiiona kwa mbali ulijua angalau pana mtumbwi. Tochi ya kichwani huwaka kwako, ikapotea, ikawaka tena mahali pengine, nawe huwezi kukisia kama ni chombo kimoja au viwili.

Sasa turudi Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo halikujengwa kwa ajili ya wavuvi. Serikali ilitaka kudhibiti mafuriko ya Pangani, kumwagilia mashamba na kuzalisha umeme. Kituo cha megawati 8 kilianza kazi mwaka 1968, kikisaidia kutuliza mtiririko wa maji kwa mitambo iliyoko chini zaidi kama ile ya Hale iliyokamilika mwaka 1964. Samaki walikuja kama zawadi isiyotarajiwa. Maji mapya yaliyofunika ardhi yenye rutuba yakajaa perege, na habari ikasafiri. Kufikia mwaka 1970 bwawa lilikuwa likitoa zaidi ya tani 20,000 za samaki kwa mwaka, kiasi ambacho halikukirudia tena. Wavuvi walitoka mbali, wakiwemo Wajaluo wenye ujuzi wa Ziwa Victoria, wakaweka kambi zilizogeuka vijiji. Wapare wa milimani, ambao mababu zao walijulikana kwa kilimo, mifugo na uhunzi wa chuma, walijikuta na ziwa chini ya mlango wa nyumba bila kurithi kutoka kwa mtu yeyote desturi ya kusafiri majini usiku. Kila kundi lililokuja lilileta mazoea ya lilikotoka, ya kutega nyavu, ya kuunda mtumbwi na ya kuwasha taa. Hakuna aliyewakutanisha wakubaliane.

Sheria ya bahari nayo haikuweza kuwafikia. Kanuni ya kwanza kabisa ya zile za mwaka 1972 inasema zinahusu bahari kuu na maji yote yanayoungana nayo ambamo meli za baharini zinaweza kupita. Pangani huishia kwenye Bahari ya Hindi, ni kweli, lakini njiani ina maporomoko, kuta za mabwawa na mitambo ya umeme, na hakuna jahazi lililowahi kupanda kutoka Pangani mjini hadi miguuni mwa milima ya Upare. Kwa hiyo maji haya yalizaliwa nje ya makubaliano ya mwaka 1863 na warithi wake wote. Hata kwa maziwa na mito inayoungana na bahari kuu, kanuni hizohizo zinaiachia mamlaka ya nchi husika kuweka masharti maalumu, yakikaribiana kadiri iwezekanavyo na yale ya kimataifa. Tanzania ina Sheria ya Usafiri Majini ya mwaka 2003, na tangu Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, ndilo lenye jukumu la usalama wa vyombo, mitumbwi ikiwamo. Sheria ya Uvuvi, nayo ya mwaka 2003, inasimamia nyavu, leseni na samaki. Pengo ninaloliona lipo katikati ya sheria hizo mbili. Ya kwanza huikagua taa kama kifaa cha chombo, ipo au haipo. Ya pili huitazama kama zana ya kukamata samaki, inaruhusiwa au hairuhusiwi. Swali la mwaka 1863, yaani taa hii inamwambia nini mtu wa mtumbwi mwingine, halina mwenyewe.

Atakayepinga atasema hii ni mitumbwi midogo inayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, haifai kulinganishwa na meli za mvuke. Hoja hiyo ina uzito, na kanuni za kimataifa zenyewe zinaikubali: chombo cha makasia kinaruhusiwa kuwa na tochi au fanusi moja tu ya mwanga mweupe, iliyo tayari kuonyeshwa mapema ili kuzuia mgongano, na chombo cha injini kisichofika mita 7 na kisichozidi kasi ya noti 7 kinaruhusiwa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Lakini tupige hesabu. Mitumbwi miwili ya makasia ikielekeana, kila mmoja kwa kilomita 5 kwa saa, inazila mita 30 kwa sekunde 11 hivi. Weka injini kwenye mmoja, uende kilomita 15 kwa saa, na muda unashuka hadi sekunde tano au sita. Ndani ya sekunde hizo mtu aliyepofushwa na taa yake mwenyewe atambue kitu, aelewe ni nini, na aamue pa kugeukia. Tena mtumbwi hauhitaji pigo kubwa ili upinduke. Ukipinduka Nyumba ya Mungu usiku, maji yana mamba na viboko, yana nyavu za kutega zilizotandazwa tangu jioni, na ufuko unaweza kuwa matete matupu. Udogo wa chombo unapunguza kishindo cha mgongano. Haupunguzi uwezekano wa kufa baada yake.

Kuna pingamizi zito zaidi. Misiba mikubwa ya majini katika nchi hii haikuletwa na taa. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 jirani na Ukara, mchana kweupe. Zote tatu zilikuwa zimejaza watu kupita uwezo. Kwa nini basi tuhangaike na tochi? Nakubali kabisa kwamba kujaza kupita kiasi kumeua watu wengi kuliko chochote kingine, na anayetaka kuokoa maisha mengi kwa shilingi chache aanze na maboya ya kujiokolea. Ila orodha hii imetokana na vyombo vinavyotikisa taifa zima vinapozama. Tume huundwa kwa ajili ya meli. Mtumbwi ukipotea, jamaa hutafuta mwili, huzika, na maisha yanaendelea. Tukijifunza usalama wa majini kutoka kwenye tume peke yake tutajifunza ya abiria wa meli, na mvuvi wa Nyumba ya Mungu atabaki kama alivyo. Isitoshe, sharti la taa za ziada halishindani na maboya. Halimgharimu mvuvi hata senti, maana linamtaka azime, ashushe au ageuze alichokwisha kukinunua.

Pingamizi la tatu ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa limetoka kwenye historia ya Same yenyewe. Watu husema kila kanuni mpya kwa wanyonge huishia kuwa njia ya kutoza faini. Wapare wana sababu ya kulisema hilo. Serikali ya kikoloni iliwaletea kodi ya mbiru, iliyopima mali ya kila mtu na kumkadiria kiwango chake, na makadirio hayo yakaonekana ya upendeleo na yasiyoeleweka. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani hadi Same, wakakaa hapo wiki baada ya wiki mbele ya serikali, bila vurugu, wakidai mfumo huo uondolewe. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, aliandika kitabu kizima juu ya mgogoro huo. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba waandamanaji hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kwa wote kama zamani. Walichokataa ni kipimo kilichotungwa bila wao na kinachoweza kupindwa na mpimaji. Mwishowe mbiru ilifutwa. Kanuni ya taa ikiletwa kwa mtindo huo, kwa waraka kutoka mjini na doria inayohesabu tochi ili itoze, itastahili upinzani uleule, na usiku wavuvi watazima taa zote ili wasionekane. Hapo tutakuwa tumezidisha hatari tuliyokusudia kuipunguza. Hata sasa mwenye kokoro lililopigwa marufuku anapenda giza, na giza lake ni hatari kwa mwenye nyavu halali.

Hata hivyo pingamizi hili halisemi kanuni isiwepo; linasema itungwe na nani. Na juu ya hilo, milima ya Upare Kusini ina ushahidi wa zamani kuliko mbiru. Ndiva ni mabwawa madogo ya mifereji ambayo hujazwa maji usiku, wakati hakuna anayemwagilia, na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke mashambani kwa nguvu ya kutosha. Katika bonde la Makanya, wilayani Same, ndiva kama Manoo ya Bangalala zinahudumia wakulima wanaotegemea mito inayotoka Vudee na Ndolwa, vijiji vilivyo juu yao. Ili mfumo kama huo usimame, watu wa juu wakubali kuachia maji saa fulani, watu wa chini wakubali kungoja zamu, na wote washiriki kuzoa matope. Asiyetoka kufanya kazi hutozwa au hukosa zamu, na anayemhukumu ni kamati ya watumiaji anaowajua kwa majina. Serikali ya Wajerumani ilikuja ikaondoka, Waingereza nao, kisha uhuru, ujamaa, na bodi ya maji ya Bonde la Pangani, na ndiva bado zinajazwa usiku. Zimedumu kwa sababu kila mtumiaji huyaona madhara ya kuvunja utaratibu kesho yake asubuhi, shambani kwake mwenyewe.

Si kila kitu cha ndiva kinahamishika. Mkulima wa Bangalala yuko palepale mwaka mzima. Mvuvi huhama samaki wakipungua, na Nyumba ya Mungu imewahi kufungwa kwa uvuvi, kama mwaka 2016, wavuvi wakalazimika kutafuta riziki kwingine. Kamati ya watu wanaohamahama ni ngumu kuisimamisha. Lakini nchi imekwisha kuunda vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinavyotambuliwa na Sheria ya Uvuvi, na mialo ndipo wavuvi wanapokutana kila siku wapende wasipende, wakitia vyombo majini jioni na kuuza samaki asubuhi. Hadi sasa vikundi hivyo vimebebeshwa zaidi kazi ya kulinda samaki. Naona ni mahali pafaapo pa kukubaliana juu ya mambo machache ambayo mtu yeyote wa majini atayaelewa kwa kuonyeshwa mara moja. Kila mtumbwi unaotembea usiku uwe na taa moja nyeupe, isiyo kali, iliyoinuliwa juu ya vichwa vya waliomo ili ionekane pande zote isiwapige machoni. Taa ya kazi iwashwe chombo kikiwa kimetulia, ielekezwe majini au ndani ya chombo, na izimwe kabla ya kuanza kupiga kasia. Tochi ya kichwani igeuzwe chini mtumbwi mwingine unapokaribia, jambo ambalo madereva wa barabara ya Same hulifanya kila usiku kwa kushusha taa zao. Taa ya kumetameta isitumike kamwe ila kwa kuomba msaada, ili siku ikionekana kila mtu ajue kuna mwenzake anazama. Na nyekundu na kijani, ambazo siku hizi huuzwa kama mapambo ya taa za sola, zisifungwe kwenye mtumbwi na mtu asiyejua maana yake, kwa kuwa mwendeshaji wa boti ya doria aliyefunzwa atazisoma kwa maana ya kimataifa na kugeuza chombo chake kwa kuziamini.

TASAC na halmashauri za Mwanga, Simanjiro, Moshi na Same wana kazi yao katika hili, hasa kuyapa makubaliano ya mialo nguvu ya sheria ndogo na kuhakikisha ya ufuko mmoja hayapingani na ya ufuko wa pili. Bwawa moja kama Nyumba ya Mungu, linaloguswa na wilaya tatu, Mwanga, Simanjiro na Moshi, ambazo ni za mikoa miwili, Kilimanjaro na Manyara, haliwezi kuwa na taa zenye maana mbili. Ziwa Jipe litakuwa gumu zaidi. Ni ziwa la kina kifupi, chini ya mita 3 mahali pengi, limesongwa na magugu yanayowalazimisha wavuvi kupita njia zilezile nyembamba, na mpaka wa nchi mbili umepita katikati yake bila alama yoyote juu ya maji. Mtumbwi wa upande wa Mwanga na wa upande wa Taita Taveta hukutana humo gizani, upondo kwa upondo, kila mmoja chini ya serikali yake. Uingereza na Ufaransa, zilizokuwa zimepigana vita kwa karne nyingi katika mlango wa bahari unaozitenganisha, ziliweza kukubaliana juu ya taa za usiku mwaka 1863. Kenya na Tanzania zina Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watu wa ufuko huu na ule wa Jipe huelewana kwa Kiswahili. Mkutano mmoja wa mialo ya pande zote mbili, ukifanywa kabla ya msimu wa mvua kuficha njia za magugu, ungetosha kuanzia.